Nani Ana Haki ya Kuchangia? Misaada, Haki na Uenyeji Karagwe na Kyerwa

Kimuli ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, nchi ya migomba, maharage na kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kyerwa yote ikiwa bado ni sehemu ya Karagwe, Kimuli na Nkwenda zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotengwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Tangu hapo ukanda huu umepitiwa na karibu kila aina ya msaada: makazi ya wakimbizi, kambi, huduma kwa yatima wa UKIMWI, mashamba darasa, ruzuku ya kaya maskini, mikopo ya vikundi. Siku hizi mashirika ya misaada duniani yanajadili sana haki, ujumuishi, na namna ya kumfanya mtu ajione mmoja wa wenye shughuli. Mijadala hiyo hufanyika kwenye kumbi za miji mikubwa, ilhali vijiji vya aina ya Kimuli vina miaka sitini ya ushahidi.

Ninalotetea hapa ni jambo moja. Msaada humfanya mtu kuwa mwenyeji pale unapomwachia nafasi ya kutoa: kutoa jasho, kutoa mchango, kutoa uamuzi, na ikibidi kutoa kauli ya kukataa. Ukimwachia kazi moja tu ya kupokea na kutia saini, unamweka kwenye ugeni hata kama babu yake amezikwa kwenye kibanja (shamba la migomba la nyumbani) cha palepale.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sera ya makazi ya miaka ya 1960 ilifuata busara hiyo karibu neno kwa neno. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani liliunda TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi Tanganyika, na mpango ukawa wa pande tatu: serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, TCRS ikafanya kazi. Familia ilipewa kiwanja cha kulima, zana, mbegu, na chakula cha kusogeza siku hadi mavuno. Baada ya hapo ilitarajiwa ijitegemee. Mkimbizi mwenye shamba ana cha kuuza sokoni, ana cha kumkopesha jirani, na jirani anajua pa kumpata akihitaji vibarua. Mambo hayo madogo ndiyo yanayomtoa mtu kwenye ugeni, na hakuna afisa wa mradi anayeweza kuyafanya kwa niaba yake.

Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilikwenda hatua ambayo nchi chache zimethubutu. Iliwafungulia mlango wa uraia Wanyarwanda takriban 36,000 waliokuwa wakiishi nchini kama wakimbizi. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Tuzo ya Nansen ya huduma kwa wakimbizi. Miongo mitatu baadaye, mwaka 2014, Tanzania ilitoa uraia kwa Warundi zaidi ya 162,000 waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na ilikuwa inaendeleza mkondo ulioanzia kwenye makazi kama Kimuli.

Sitaki kuipamba historia hii kupita kiasi. Makazi yalikuwa na mkuu wa makazi aliyewekwa na serikali, na sheria ya kudhibiti wakimbizi ya miaka hiyo ilimpa mamlaka makubwa juu ya nani aishi wapi na nani atoke lini. Zoezi la uraia lenyewe, kama alivyoeleza mtafiti Charles Gasarasi aliyelifuatilia kwa karibu, liligubikwa na matatizo ya utekelezaji. Wako waliokaa wakijua kwamba wamekubaliwa, ila mkononi hawana karatasi. Pengo hilo kati ya kukubaliwa na majirani na kutambuliwa na ofisi lilibaki wazi, na gharama yake ilikuja kuonekana baadaye.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, wakati wa vita na mauaji ya kimbari nchini Rwanda, Wanyarwanda takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo la mpakani kuingia Ngara ndani ya saa 24, na Benaco, humo humo Ngara, ikageuka mji wa mahema. Kaskazini zaidi Karagwe ilipokea wake, zaidi ya laki moja, waliowekwa kwenye kambi kama Rubwera, Kagenyi na Omukariro. Rubwera hiyo ndiyo leo makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa. Safari hii hakukuwa na jembe. Kulikuwa na turubai, kadi na foleni ya mgawo. Aliyetaka kulima alitoka kambini kwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya wenyeji, mara nyingi kwa ujira wa ndizi au fedha kidogo.

Kambi zile zinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu zilionyesha kwamba msaada unaweza kumfikia kila mtu na bado ukawa hauna haki. Ili chakula kigawanywe haraka, mashirika yaliwapanga wakimbizi kwa maeneo walikotoka na kuwatumia viongozi wao wa zamani kuandika majina. Baadhi ya viongozi hao walikuwa wametoka kuongoza mauaji. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwa Benaco katika wiki za mwanzo, na mwezi Juni 1994 hatua ya kutaka aondolewe ilizua vurugu zilizowafanya wafanyakazi wa misaada wahofie maisha yao. Mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2011, na mwaka uliofuata rufani ikapunguza adhabu hadi miaka 40. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kwenye kambi za Tanzania mwishoni mwa 1994, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji na kuimarisha mamlaka yao juu ya raia. Kila mkimbizi alikuwa amehesabiwa. Ila mjane aliyeogopa mwandishi wa orodha hakuwa na pa kwenda kulalamika, maana aliyepaswa kupokea malalamiko ndiye alikuwa ameshika kalamu.

Upande wa wenyeji nao uligawanyika. Beth Whitaker, aliyefanya utafiti magharibi mwa Tanzania katika miaka hiyo, aligundua kwamba faida na hasara za kuwapokea wakimbizi hazikuwaangukia watu kwa usawa: wenye mashamba, magari, elimu na mtandao walinufaika, maskini wakabanwa zaidi. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu za kaya za Kagera ulionyesha nafuu kwa mkulima mwenye ziada ya kuuza na hasara kwa mtu aliyeishi kwa vibarua, ambaye sasa alishindana na maelfu ya watu wenye njaa kuliko yeye. Kuni zilikwisha karibu, zikafuatwa mbali, na aliyezifuata alikuwa mwanamke. Hospitali na shule zilipoteza wauguzi na walimu waliofuata mishahara ya mashirika ya kimataifa. Nimesikia watu wakisema kwamba wakimbizi walileta maendeleo, na wengine kwamba waliharibu nchi. Wote wanasema kweli; inategemea ulikuwa nani mwaka 1994.

Dunia ilijifunza kutokana na maafa hayo. Tathmini kubwa ya pamoja ya mwaka 1996 kuhusu misaada kwa Rwanda iliyakosoa mashirika vikali, na mwaka uliofuata ulianza mradi wa Sphere, uliozaa kitabu cha viwango vinavyotumika hadi leo kwenye dharura: maji kiasi gani kwa mtu, choo kimoja kwa watu wangapi, haki gani za anayesaidiwa. Uzoefu wa Ngara na Karagwe umo ndani ya kitabu hicho, ingawa ni wachache kati ya wanaokifungua wanaoukumbuka. Ila waliolipa karo ya somo hilo hawakuulizwa. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali na Shirika la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wote waondoke kufikia mwisho wa mwezi. Kambi zikafungwa, mashirika yakafungasha, vijiji vikabaki na vilima vilivyokatwa miti.

Mwaka 2013 ndipo deni la karatasi lilipodaiwa. Mwezi Julai Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili za kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na hoja ya kweli: ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umeisumbua mikoa hiyo, na mifugo kutoka nje ilikuwa imejaza mapori. Lakini wimbi liliwakumba pia watu walioishi hapa miongo mingi. Vyombo vya habari na watetezi wa haki waliripoti wanandoa waliotenganishwa na watoto waliobaki na mzazi mmoja. Karagwe na Kyerwa, ambako Kinyambo, Kinyarwanda na Kinyankole huchanganyika sokoni, zilikuwa katikati ya tukio hilo.

Kwa sekta ya misaada, hapa pana swali gumu. Mtu angeweza kuwa kwenye orodha ya mradi wa maji, ya wahudumu wa afya wa kijiji na ya kikundi cha kuweka na kukopa, na zote kwa pamoja zisimsaidie kitu mbele ya afisa anayeuliza yeye ni nani. Miradi mingi ilikuwa imemhudumia kwa namna ambayo haikugusa msimamo wake katika jamii: haikumsaidia kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, haikumfuatilia fomu yake ya uraia, haikumwandikishia kibanja chake. Kazi hizo hazipigiki picha na huchukua miaka. Kwa watu wa mpakani, hata hivyo, ndizo zenye thamani kuliko nyingi. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole, ukomo ukiwa tarehe 20 Januari 2020, asiye na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hupata taabu kuwa na laini yake mwenyewe, na pasipo laini hakuna kupokea fedha kwa simu. Uhakiki wa uraia mpakani una maswali mengi kuliko kwingine. Shirika linaloamua kuwalipa walengwa wake kwa simu, kwa nia njema ya kuzuia wizi, linaweza kuwaacha nje wale wanaohitaji zaidi bila hata kujua.

Kuna taasisi moja ambayo ilijibu maswali haya ya uenyeji kabla ya shirika lolote kufika, nayo ni chama cha kufa na kuzikana. Kagera yote inavyo. Kina mwenyekiti, mhazini na daftari lenye majina. Msiba ukitokea, kila kaya inajua wajibu wake: fedha kiasi fulani, maharage, mikungu ya ndizi, kuni, na vijana wa kuchimba kaburi. Sufuria kubwa, viti na turubai ni mali ya wote. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini, tajiri kwa maskini. Faini hiyo mgeni wa mjini huiona kama ukali, lakini ndani yake kuna heshima kubwa, maana chama kinamtoza faini mtu ambaye kukosekana kwake kumeonekana. Hakuna mradi wa wafadhili unaomtoza mlengwa faini kwa kutofika kwenye semina. Unamlipa posho ili afike.

Mhamiaji anayepokelewa kwenye chama cha namna hii amepata jambo ambalo hati peke yake haiwezi kumpa, yaani watu walioahidi kumzika. Naye amewaahidi vilevile.

Lakini vyama hivi vina ukuta wake. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt alizihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, kila moja ikitaja watu inaoweza kuwategemea wakati wa shida. Msaada ulifuata udugu, ukaribu wa nyumba, ukoo, dini, na pia utajiri. Maskini walikuwa na watu wachache wa kuwakimbilia kuliko wenye uwezo. Mshikamano wa kijiji, tunaopenda kuusifia, unamkinga vizuri zaidi aliye na cha kurudisha. Mjane mgonjwa asiye na cha kuchangia misimu miwili huanza kuona aibu kuhudhuria, kisha jina lake hufutwa. Ndipo mahali halali pa mfadhili kuingia: kumlipia mjane yule mchango wake kimyakimya ili aendelee kuwa mwanachama mwenye sauti, badala ya kumwanzishia orodha nyingine ya watu wa kuhurumiwa.

Kagera inaijua vizuri orodha ya kuhurumiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983, na ndani ya miaka michache vijiji vilijaa watoto waliolelewa na bibi zao. Mashirika ya makanisa na ya nje yalikuja kwa moyo wa kweli, na kuna watu wazima leo wenye kazi na familia ambao wasingesoma bila misaada ile. Bado utaratibu wa kuandikisha yatima uliumiza mahali ambapo haukukusudia. Chukua bibi mwenye wajukuu sita, wawili tu wakiwa wamefiwa na wazazi wote. Gari linafika na sare mbili, jozi mbili za viatu na daftari za watoto wawili. Wanne wanatazama. Bibi hawezi kubadilisha mgawo, kwa sababu picha za wale wawili zimeshatumwa Ulaya. Bibi anayejua kila mtoto alikula nini jana amevuliwa uamuzi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baada ya miaka mingi utaratibu wa nchi ulihamia kwa watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, wakitambuliwa na kamati za kijiji, na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, ikaelekeza fedha kwa kaya nzima, ikitumia mkutano wa kijiji kutaja maskini ni nani. Mkutano nao una upendeleo wake. Lakini unaweza kubishaniwa hadharani, na mtu aliyeachwa anaweza kusimama na kuuliza kwa nini.

Kwa mashirika mengi ushahidi wa ujumuishi ni karatasi ya mahudhurio. Ina safu za jina, kijiji, jinsia, umri, ulemavu, namba ya simu na saini. Mwisho wa robo mwaka inajumlishwa: wanawake wangapi, vijana wangapi, wenye ulemavu wangapi. Haina safu ya kile mtu alichosema, wala ya kilichobadilishwa kwa sababu alisema. Andiko la mradi limeandikwa Kiingereza, bajeti iko Kiingereza, na mzee wa Kimuli aliyeombwa kutoa maoni huyatoa baada ya fedha kukubaliwa na mchanganuo kufungwa. Uajiri ndio unaoniuma zaidi. Vijana wa kata hupata kazi ya kuhamasisha kwa posho, wenye shahada kutoka mbali hupata mikataba, na wenye kauli ya mwisho hawakai wilayani. Mtu mwenye ulemavu wa miguu huwakilishwa vizuri kwenye takwimu za mafunzo huku ofisi ya mradi ikiwa ghorofani.

Yako mashirika yaliyoota hapa hapa. MAVUNO ya Karagwe ilianzishwa mwaka 1993 na wakulima wenyewe, na iliposhirikiana na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani kujenga matangi ya maji ya mvua na kujaribu mitambo ya biogesi, wageni waliingia kwenye kazi yenye wenyewe. Redio ya jamii ya FADECO imewapa wakulima nafasi ya kusikika kwa swali la kwao. WOMEDA imejikita kwenye msaada wa kisheria kwa wanawake, na umuhimu wake unaonekana zaidi kwenye ardhi. Mwaka 1990, katika shauri maarufu la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotokea hapa Kagera, Jaji Mwalusanya alitamka kwamba mwanamke anayo haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaweka usawa huo kwenye maandishi. Vijijini bado mjane huambiwa arudi kwao. Kikundi cha wanawake kinachopewa miche ya migomba pasipo mtu wa kuwatetea kuhusu kibanja kinapanda mali ya shemeji.

Sheria za nchi zimeyataka mashirika yawe wazi. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka kutangaza fedha zinazozidi shilingi milioni 20, vyanzo vyake na matumizi yake. Ni jambo jema, ila taarifa hizo huelekea juu, kwa msajili, kwa hazina na kwa mfadhili. Kinachokosekana ni taarifa ya kushuka, bango moja kwenye ofisi ya kijiji linalosema kwa Kiswahili mradi una shilingi ngapi, ngapi ni mishahara, ngapi zitafika kwenye bomba. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa walikubaliana mjini Istanbul kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za kibinadamu iende moja kwa moja, kadiri inavyowezekana, kwa watendaji wa nchi husika. Lengo halikufikiwa, wala halikukaribiwa. Mashirika madogo yaliambiwa hayana mifumo, na mifumo hugharimu fedha ambazo wafadhili walewale hawapendi kuzilipia.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafunga shughuli zake. Wahudumu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba waliambiwa waache kazi. Washington haikuwa na sababu ya kuja kuaga Kyerwa. Mashirika yaliyofanya kazi kwa fedha hizo yalikuwa nayo. Yalikuwa yamekaa kwenye mikutano ya vijiji, yamekula kwenye misiba, yamechukua majina, namba za simu na siri za afya za watu. Yale yaliyoondoka yanawajibika kurudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kueleza waziwazi kilichotokea, kukabidhi vifaa kwa hati, na kusema takwimu za wagonjwa ziko wapi na nani anaziona. Na mwenyekiti wa kijiji anayo haki ya kuyaandikia barua kuyataka yaje.